Rivolva za Kale za Magharibi ya Marekani: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kununua na Kutunza

Wanaoniuliza kuhusu bastola za zama za makaoboi karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Nimeshalipa, naomba uniangalizie hizi picha." Nikizifungua nakuta namba zisizolingana, mtutu uliokatwa, au nakala ya Kiitaliano iliyozeeshwa kwa tindikali. Fedha imeshaondoka na muuzaji hapokei simu.

Tatizo lao ni mpangilio. Wanaanza na hadithi ya muuzaji, kisha wanatafuta kwenye chuma kitu cha kuithibitisha. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: sheria kwanza, chuma pili, karatasi tatu, hadithi mwisho kabisa.

Mfano wangu mkuu ni Colt Single Action Army, ile ya mwaka 1873. Ndiyo inayotafutwa zaidi, ndiyo inayoghushiwa zaidi, na kumbukumbu zake za kiwandani ni nyingi. Ukiimudu hiyo, Remington na Smith & Wesson hazitakutoa jasho. Hatua nyingi zinamhusu msomaji anayeishi Marekani, lakini aliyeko Uingereza, Kenya au Tanzania asiruke hatua ya kwanza.

## Vifaa utakavyohitaji

Kusanya hivi kabla hujaenda kuangalia bastola yoyote:

- Kioo cha kukuzia cha sonara, kinachokuza mara 10.
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe.
- Kijiti chembamba cha mbao, kirefu kuliko mtutu.
- Rula ya chuma yenye inchi na milimita.
- Sumaku ndogo. Mapambo ya bei nafuu hutengenezwa kwa aloi ya zinki, na sumaku hainati.
- Glavu za nitrili.
- Daftari, kalamu na simu yenye kamera nzuri.
- Orodha ya namba za kiwandani na miaka yake, iliyochapishwa. Usitegemee mtandao ukumbini.

Kwa utunzaji wa nyumbani ongeza mafuta mepesi ya bunduki, vitambaa laini vya pamba, nta ya makumbusho (Renaissance Wax inatosha) na pakiti za silika za kunyonya unyevu.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuwamo nyumbani mwa mkusanyaji: msasa, sufi ya chuma, dawa ya kutoa kutu, na rangi ya chupa ya kupaka chuma kuwa buluu. Vitu hivyo vimeharibu bastola nyingi kuliko vita.

## Hatua ya 1: Jua sheria ya pale unapoishi

Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu udhibiti wa silaha inahesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Silaha hiyo haimo katika maana ya kawaida ya silaha za moto ya sheria hiyo, kwa hiyo inaweza kuuzwa bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho.

Kinachoangaliwa ni mwaka fremu (kiunzi cha bastola) ilipotengenezwa. Mwaka wa modeli hauna uzito. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, maana Colt ya "modeli ya 1873" iliendelea kutoka kiwandani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikasimama, ikarudi mwaka 1956. Bastola mbili usizoweza kuzitofautisha kwa macho, moja ya 1897 na nyingine ya 1903, mbele ya sheria ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa ndugu zetu wenye viza za muda, tofauti hiyo ni nzito mno. Sheria ya shirikisho inawakataza wengi wenye viza zisizo za uhamiaji kumiliki silaha, isipokuwa walio ndani ya vighairi vilivyotajwa, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayenunua "pambo" la mwaka 1903 akidhani ni la 1897 anaweza kujikuta ametenda kosa la jinai. Hata mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuondolewa nchini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha. Kama hadhi yako ya uhamiaji ina utata, au umewahi kuwa na kesi, mlipe wakili akushauri kabla hujamlipa muuzaji.

Juu ya hayo, majimbo yana sheria zake, na baadhi ya miji pia. Yapo yanayofuata mpaka wa 1898 na yapo yanayokaza zaidi, hasa kwa bastola inayoweza kutumia risasi ambazo bado zinauzwa madukani. Soma sheria ya jimbo lako, tena iliyochapishwa na jimbo lenyewe.

Uingereza haiutumii mwaka 1898. Kanuni zilizoanza kufanya kazi Machi 2021 zinaangalia aina ya risasi, na pia kama silaha ilitengenezwa kabla ya Septemba 1939. Kaliba (vipimo vya risasi) za .41 Colt na .44 Russian ziliondolewa kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, kwa hiyo bastola zilizokuwa zikikaa kabatini bila cheti zikaingia kwenye udhibiti. Kaliba ya .45 Colt haimo kabisa kwenye orodha hiyo.

Kwa nyumbani: Kenya ina sheria yake ya silaha na bodi ya kutoa leseni, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ruhusa ya Marekani haivuki bahari. Usiiweke bastola ya kale kwenye kontena la mizigo ya nyumbani ukidhani ni pambo la sebuleni. Kibali cha maandishi kutoka mamlaka husika kitangulie. Bila hicho, bastola ibaki ilipo.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika daftarini, bila kubabaisha, mwaka wa mwisho unaokubalika kwako, kaliba zilizokatazwa kwako, na namna unavyoruhusiwa kuisafirisha.

## Hatua ya 2: Zoesha macho kabla ya kufungua pochi

Picha hazifundishi rangi ya chuma cha kale. Lazima uvione vitu halisi, tena vingi. Nenda Cody Firearms Museum huko Cody, Wyoming, au Autry Museum ya Los Angeles. Ukiwa karibu na Hartford, Connecticut, alikofanyia kazi Samuel Colt, ingia Museum of Connecticut History, ambako kuna mkusanyiko uliotoka kiwandani kwenyewe.

Baada ya makumbusho, tembelea maonyesho ya wakusanyaji na siku za ukaguzi kabla ya minada mikubwa. Hapo utaruhusiwa kushika. Omba kwanza, vaa glavu, usivute nyundo bila idhini ya mwenyewe. Usinunue kitu siku hiyo. Angalia kingo za fremu, vichwa vya skrubu, kina cha herufi. Utakapoanza kuikataa bastola moja mezani kabla hujajua kwa nini, macho yamezoea.

## Hatua ya 3: Hakikisha haina kitu ndani

Hii huja kabla ya ukaguzi mwingine wowote. Elekeza mtutu pasipo na mtu, weka kidole mbali na kifyatulio.

Kwa Colt ya 1873, vuta nyundo hadi kituo cha pili, fungua kilango cha upande wa kulia, kisha zungusha silinda taratibu ukitazama vyumba vyote sita. Kwa bastola za zamani zaidi zinazotumia fataki, kama Colt ya 1851 au 1860 na Remington ya .44, kutazama nyuma hakutoshi kwa sababu risasi hujazwa kwa mbele. Mulika kila chumba kwa tochi. Ingiza kijiti cha mbao na ulinganishe kina cha vyumba vyote. Kimoja kikiwa kifupi, kuna kitu ndani.

Tahadhari: baruti nyeusi iliyokauka inaweza kuwaka hata baada ya miaka 150. Zipo bastola zilizokaa sandukuni vizazi vitatu zikiwa zimejazwa. Ukihisi kuna kitu, usichokonoe. Iweke chini na umwite fundi wa silaha.

## Hatua ya 4: Soma namba

Hii ndiyo hatua iliyobeba uzito wa mwongozo wote. Usiiharakishe.

Kwenye Colt ya 1873 tafuta namba sehemu tatu: chini ya fremu mbele ya kikingio cha kifyatulio, kwenye kikingio chenyewe, na kwenye chuma cha mgongo wa mpini. Zote tatu zinapaswa kuwa moja. Bastola za miaka ya mwanzo zina namba hata kwenye silinda na chini ya mtutu, pengine tarakimu nne za mwisho tu.

Sasa fungua orodha yako. Kizazi cha kwanza, kuanzia 1873, kilifika namba 357,859. Wakusanyaji huweka mwisho wa mwaka 1898 karibu na namba 182,000. Ikiwa namba uliyoisoma iko jirani na mpaka huo, usikisie. Subiri barua ya kiwanda tutakayoifikia kwenye hatua ya 8, na usikubali kuambiwa "hii ni ya kale tu" na mtu ambaye hatakuwepo utakapoulizwa.

Ukiona herufi SA zimeambatana na namba, umeshika bastola iliyotengenezwa kuanzia 1956. Inaweza kuwa nzuri sana, lakini si ya kale, na muuzaji anayeiita ya kale hafai kununuliwa chochote.

Kulingana tu hakutoshi, kwa sababu namba hugongwa upya. Weka kioo cha kukuzia na uangalie haya:

Je, tarakimu zote zina umbo moja na kina kinachokaribiana? Je, chuma kinachozizunguka kimeshuka, kana kwamba kilipigwa tupa kabla ya kugongwa? Je, chini ya namba kuna kivuli cha namba nyingine? Je, uchafu wa miaka umejaa ndani ya tarakimu, au ndani kunang'aa huku nje kumezeeka? Jibu baya kwenye swali moja linatosha kukurudisha nyumbani.

Kisha soma tarehe za hataza upande wa kushoto wa fremu. Bastola za mwanzo zina Septemba 19, 1871 na Julai 2, 1872 pekee. Baadaye iliongezwa Januari 19, 1875. Hesabu ni rahisi: bastola ambayo namba yake ni ya mwaka 1874 haiwezi kubeba tarehe ya 1875. Nimeona zaidi ya moja.

### Pale namba zisizolingana zinapokuwa sahihi

Serikali ya Marekani ilinunua takriban bastola 37,000 za aina hii kati ya 1873 na 1891, zenye mtutu wa inchi 7½ na alama ya US upande wa kushoto wa fremu. Kuanzia 1895 hadi 1903 nyingi zilirudishwa, zikafunguliwa, mitutu ikakatwa kuwa inchi 5½, na sehemu zikaunganishwa upya bila kujali namba. Wakusanyaji huziita Artillery. Kwenye hizi namba zilizochanganyika ndiyo hali ya kawaida, na seti iliyolingana kikamilifu inahitaji maelezo.

Alama ya US pia ndiyo inayogongwa kwa ulaghai zaidi, maana hupandisha bei papo hapo. Bastola ya kweli ya jeshi ina pia herufi za mkaguzi, kwa mfano OWA za Ainsworth, DFC za Clark au RAC za Carr, na kila mkaguzi ana miaka yake. Herufi za mkaguzi wa miaka ya 1870 kwenye fremu ya 1890 hazina la kujitetea. Uangalifu uongezeke maradufu ukisikia jina la Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, au Little Bighorn, vita alimouawa. Vita vile vilikuwa Juni 1876, bastola zilizokuwepo zinawekewa mipaka finyu ya namba, na walaghai wanaijua mipaka hiyo vizuri.

## Hatua ya 5: Pima mtutu

Pima kutoka uso wa mbele wa silinda hadi mdomo wa mtutu. Urefu wa kawaida ulikuwa inchi 7½, 5½ na 4¾, yaani takriban sentimita 19, 14 na 12. Ukipata inchi 6 na robo, uwezekano mkubwa mtu alikata.

Maandishi ya juu ya mtutu yatakusaidia. Anwani ya kiwanda cha Hartford ilipangwa kulingana na urefu. Mtutu wa inchi 4¾ kwa kawaida una anwani ya mistari miwili. Ukiukuta mtutu mfupi una mstari mmoja mrefu usio katikati, ulizaliwa mrefu. Angalia pia shabaha ya mbele: je, mshono wake ni safi, au kuna dalili za kuchomelewa upya?

Kukatwa zamani na mwenye bastola si dhambi. Wengi walifanya hivyo ili ikae vyema kiunoni. Lakini bei yake si ya mtutu wa kiwandani.

Mulika ndani. Baruti nyeusi huacha chumvi zinazokula chuma, kwa hiyo vishimo kadhaa ni kawaida kwa bastola iliyofanya kazi. Mtutu unaong'aa kwa ndani huku nje kumechakaa vibaya unauliza swali: ulitoka wapi?

### Kuinasa nakala

Nakala nyingi zinazozeeshwa hutoka Brescia, Italia, kwa watengenezaji kama Uberti na Pietta. Ni bidhaa halali na bora. Ulaghai huanza pale mtu anapofuta alama zake. Tafuta nyota juu ya herufi PN, na kisanduku kidogo chenye herufi mbili za mwaka. Mfumo huo wa herufi ulianza na AA mwaka 1975. Kabla yake zilitumika tarakimu za Kirumi. Kwenye bastola za fataki angalia chini ya mtutu, nyuma ya wenzo wa kujazia, maana ndipo tupa hufika kwa shida. Pasipo na alama lakini chuma kimebonyea, alama ilikuwepo.

Ukikuta herufi ELG ndani ya umbo la yai, hiyo imepimwa Liège, Ubelgiji. Inaweza kuwa ya kale kweli, ya karne ya 19 kabisa, ila haikutoka Hartford. Ilipe kwa thamani yake.

## Hatua ya 6: Soma ngozi ya chuma

Fremu ya Colt ilitoka kiwandani ikiwa na mawimbi ya rangi ya kijivu, buluu na kahawia yaliyotokana na kuichoma pamoja na mkaa wa mifupa. Mtutu na silinda vilikuwa buluu iliyokolea. Nyingine zilipakwa nikeli. Miaka ikipita, rangi hupotea kwanza mdomoni, kwenye kingo na pale mkono unaposhika, na hudumu katika vipembe vilivyojificha. Rangi iliyobaki sawasawa kila mahali, au iliyo nzito kwenye kingo kuliko kwenye vipembe, ni ya juzi.

Kabla ya kupaka rangi mpya fundi hulazimika kung'arisha, na kung'arisha huacha ushahidi. Kingo za fremu huviringika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Matundu ya skrubu hupata mdomo wa kisahani. Herufi hufifia upande mmoja. Ukiona rangi nzuri imelala ndani ya vishimo vya kutu, jua kutu ilitangulia na rangi ikafuata.

Wakusanyaji wa Marekani hutumia viwango vya NRA (chama cha kitaifa cha wenye bunduki) kwa silaha za kale. Daraja la Excellent linahitaji sehemu zote za asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani. Fine ni zaidi ya asilimia 30. Very Good ni kati ya sifuri na 30, sehemu zote zikiwa bado za asili. Ninasisitiza hilo la mwisho: bastola iliyobaki kahawia tupu, isiyo na chembe ya rangi ya mwanzo, bado inaweza kuwa Very Good ikiwa hakuna aliyeichezea. Mimi ningechukua hiyo kila siku kuliko inayong'aa kwa rangi ya mwaka jana.

## Hatua ya 7: Mpini

Mipini ya mwanzo ilikuwa ya mti wa mwalnati, kipande kimoja. Baadaye ikaja ya mpira mgumu yenye nembo ya farasi wa Colt, na ile ya miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890 ina pia tai. Kwa ruhusa ya muuzaji, mtu anayejua kazi afungue na atazame ndani. Mara nyingi namba iliandikwa kwa wino kwenye mti au ilikwaruzwa kwenye mpira. Mpini unapaswa kukutana na chuma bila pengo na bila kukizidi, kwa sababu vilisuguliwa pamoja kiwandani.

Mpini wa pembe za ndovu unahitaji maneno ya ziada. Connecticut, jimbo la Colt, ndiko pia vilikokuwa viwanda vya Ivoryton na Deep River, vilivyokata pembe zilizopita Zanzibar kutengeneza funguo za piano. Msomaji wa pwani anajua pembe zile zilifikaje Zanzibar, mabegani mwa nani. Kisheria, biashara ya pembe za tembo wa Afrika imebanwa kote duniani. Ndani ya Marekani, kuuza kitu chenye pembe kutoka jimbo moja hadi jingine hudai uthibitisho kwamba kimetimiza masharti ya sheria, kwa mfano umri wa miaka 100, na majimbo kama California, New York na New Jersey yameongeza makali yao. Usivuke mpaka wa nchi ukiwa na mpini huo. Kwa mkusanyaji anayeanza ushauri wangu ni mfupi: chagua mti au mpira.

## Hatua ya 8: Agiza barua ya kiwanda

Kwa Colt, idara ya kumbukumbu ya kampuni hutoa barua kwa malipo. Ukiwapa namba, wanakuandikia kilichomo kwenye vitabu vya usafirishaji: kaliba, urefu wa mtutu, rangi, aina ya mpini, tarehe ya kutoka na ilipelekwa kwa nani. Kwa Smith & Wesson huduma hiyo iko Smith & Wesson Historical Foundation.

Barua inathibitisha namba, haithibitishi chuma. Mlaghai anaweza kuchukua namba yenye historia nzuri na kuigonga kwenye fremu nyingine. Ndiyo maana hatua ya 4 imetangulia.

Linganisha kila neno. Barua ikisema inchi 7½, buluu, .45, nawe umeshika inchi 4¾, nikeli, .44-40, kuna mtu aliibadilisha, na bei ifuate. Kwa bastola za fataki za Colt usitegemee sana barua: kiwanda cha Hartford kiliungua Februari 1864.

Muuzaji akikataa kuuza kwa sharti la barua, yaani urudishiwe fedha barua isipokubaliana na maelezo yake, ondoka. Akikubali, liandikwe kwenye risiti.

## Hatua ya 9: Sasa sikiliza hadithi, kisha taja bei

Mwezi Agosti 2021 mnada wa Bonhams uliuza Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuua nayo jambazi Billy the Kid huko Fort Sumner, Julai 1881. Ilifika zaidi ya dola milioni 6. Bastola hiyo haikubebwa na simulizi ya babu. Inajulikana ilichukuliwa kwa nani, Billy Wilson, mwenzake Billy the Kid, Desemba 1880, na umiliki wake ulifika hadi mahakamani miaka ya 1930 pale mjane wa Garrett alipoidai. Karatasi hizo ndizo zilizolipiwa.

Dai la hadithi lipimwe hivyo: kuna hati yenye namba ya bastola, iliyoandikwa na mtu asiye na faida nayo, karibu na wakati wa tukio? Hati ya kiapo iliyoandikwa mwaka 1985 na mjukuu wa muuzaji haina uzito huo. Picha ya zamani ya mtu aliyeshika bastola inayofanana haina namba. Kama hakuna hati, lipia bastola peke yake na upokee hadithi bila malipo.

Kwenye bei, tafuta matokeo ya minada ya bastola zenye kaliba, urefu na hali ileile, kwa kuwa bei iliyobandikwa dukani ni ombi la muuzaji tu. Kumbuka ada ya mnunuzi: ukishinda mnada kwa dola 3,000 na ada ikiwa asilimia 20, utalipa 3,600 kabla ya kodi na usafirishaji. Weka kikomo chako daftarini kabla dalali hajafungua mdomo.

## Hatua ya 10: Kuitunza nyumbani

Usiipige risasi. Chuma cha zama zile kilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Risasi za leo zinaweza kupasua silinda mkononi mwako. Na ukifunga silaha ya kale kabatini, funga kweli, kwa kufuli. Mtoto hajui mwaka 1898 ni nini.

Siku ya kwanza, vaa glavu, futa vumbi kwa kitambaa cha pamba, kisha paka mafuta kidogo sana na uyafute. Kutu nyekundu iliyo hai italainika kwa mafuta na siku kadhaa za subira, na itatoka kwa kitambaa. Kahawia iliyotulia iache kama ilivyo. Baada ya hapo paka nta nyembamba kwenye chuma, isubiri ikauke, ing'arishe polepole. Jasho la vidole halitakipata chuma tena.

Usivute nyundo kwa mchezo. Colt ya kale hutoa milio minne ikivutwa hadi mwisho. Isikie mara moja wakati wa ukaguzi, uandike, uache. Kifyatulio kisivutwe kikavu, kwani springi na meno yake vina zaidi ya karne moja.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Dawa za kutengenezea ngozi na unyevu wake hula chuma usiku na mchana. Ala ikae rafu yake. Weka bastola kwenye kabati lenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, juu ya kitambaa kisicho na rangi wala asidi, pamoja na pakiti za silika. Anayeishi Houston au Mombasa atabadilisha pakiti hizo mara nyingi kuliko anayeishi Denver.

Skrubu usiiguse kama huna bisibisi inayojaa mfereji wake kikamilifu. Mfereji uliochubuliwa hupunguza bei kila mnunuzi anapoinama na kioo chake.

Mwisho, fungua faili la kila bastola: picha za pande zote, picha za karibu za kila namba na kila alama, risiti, barua ya kiwanda, na maelezo ya chochote ulichokifanya, hata kama ni nta tu. Weka nakala moja nje ya nyumba. Bima itaidai, mirathi itaihitaji, na atakayeishika baada yako atajua kwa maandishi kipi kilikuwepo ulipoipokea na kipi umeongeza wewe.